Wanyama Wanapokufa Bila Sumu: Utatuzi wa Matatizo katika Jaribio la Chembe Nano za Fedha Majini

Mradi ambao wanafunzi wengi wa kemia wa mwaka wa tatu hupenda kuuchagua ni huu: majani ya mwarobaini huchemshwa, mchujo wake huchanganywa na mmumunyo wa nitrati ya fedha, rangi hugeuka kuwa kahawia, na chembe nano za fedha zinazopatikana hupimwa kama zinadhuru viumbe. Upimaji hufanywa kwa viluwiluwi vya artemia, wale kamba wadogo mno wa maji ya chumvi, kisha kwa dafnia, kijidudu chenye gamba cha maji baridi (yasiyo na chumvi) aliye jamaa ya kamba, na pale chuo kinapokuwa na chumba cha kukuzia seli, kwa kipimo cha MTT, ambacho hutumia rangi kuonyesha kama seli ziko hai. Mradi huu una mvuto kwa sababu unakutanisha kemia ya nyenzo, utafiti wa dawa na elimu ya sumu za majini katika meza moja, na kwa sababu hiyo hiyo makosa ya taaluma moja hujitokeza yakiwa yamevaa sura ya matokeo ya taaluma nyingine. Mwongozo huu unafuata dalili jinsi mwanafunzi anavyoziona anapoinama juu ya bika zake asubuhi ya siku ya pili.

Kwa miaka niliyohudumu maabarani, mara nyingi niliyoitwa kuangalia jaribio lililogoma, kosa lilikuwa ndani ya maji ambayo chembe zilitiwa, wala halikuwa ndani ya chembe zenyewe. Kwa hiyo katika dalili nyingi hapa chini maji yanahojiwa mapema, na kampaundi inafuata baadaye.

Dalili ya kwanza: wanyama wa kundi dhibiti wanakufa

Kundi dhibiti ni lile lililowekwa katika maji matupu ya jaribio bila kampaundi yoyote. Mwongozo wa OECD (shirika la kimataifa linalotoa taratibu za kupima kemikali) namba 202, unaotumika kwa jaribio la saa 48 la dafnia, unaruhusu wanyama wasiozidi asilimia 10 wa kundi hilo kushindwa kuogelea. Kwa kuwa kila ukolezi unatakiwa kuwa na wanyama wasiopungua 20, ikiwezekana wakigawanywa katika vyombo vinne vya watano watano, maana yake ni kwamba wawili wakishindwa kuogelea jaribio bado ni halali, lakini akiongezeka wa tatu, takwimu zote za siku hiyo zinatupwa, hata kama mchoro wake unapendeza. Hapa ndipo ninapoona wanafunzi wakipata kishawishi cha kumhesabu yule wa tatu kama “amechoka tu”. Kipimo cha mwongozo hakina neno kuchoka: chombo kinatikiswa taratibu, na mnyama asiyeogelea ndani ya sekunde 15 anahesabiwa kuwa ameshindwa, ingawa miguu yake ya ndani au pembe zake za kuogelea bado zinatikisika.

Chanzo cha kwanza cha kuuliza ni asili ya maji. Maji ya bomba yana klorini, na dafnia haivumilii klorini hata kidogo. Kuyaacha maji wazi usiku kucha huku yakipulizwa hewa husaidia pale ambapo kilichotiwa ni klorini pekee, lakini pale ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, usiku mmoja hautoshi, na mwanafunzi anayedhani amesafisha maji yake anakuwa ameyapasha hewa tu. Wengine hukimbilia kinyume chake, wakawaweka dafnia katika maji yaliyokenekwa, wakiamini kuwa maji safi kabisa hayawezi kudhuru. Yanadhuru. Mnyama huyu anahitaji kalsiamu kwa ajili ya gamba lake na chumvichumvi za kusawazisha maji ya mwilini, na katika maji yasiyo na chochote hupoteza chumvi zake hadi akafa. Maji yanayofaa hutengenezwa kwa kuyaongezea maji yaliyokenekwa chumvi nne zilizopimwa, na ugumu unaopendekezwa kwa Daphnia magna ni kati ya miligramu 140 na 250 kwa lita, ukihesabiwa kama kaboneti ya kalsiamu.

Kama maji yametengenezwa kwa usahihi na vifo vinaendelea, angalia kilichogusa maji hayo. Mtambo wa kukenekea maji wenye mabomba ya shaba unaweza kuachilia shaba kidogo, na dafnia huihisi kabla ya mashine nyingi za chuo kuiona. Bika zilizooshwa kwa sabuni zikasuuzwa mara mbili badala ya mara sita huacha utando unaovunja mvutano wa uso wa maji. Jaribio la kutenganisha visababishi hivi ni rahisi na halina gharama: weka dafnia watano katika bika mpya ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji ya jaribio, watano katika bika ya kioo ya siku zote, na watano katika bika ya kioo iliyolowekwa katika asidi ya nitriki iliyozimuliwa kisha ikasuuzwa vizuri. Kundi linalonusurika ndilo litakalokuambia kosa liko wapi.

Kuna vifo vingine ambavyo havina uhusiano wowote na kemia. Dafnia mchanga akidondoshwa kutoka juu ya maji hunasa kiputo cha hewa chini ya gamba, akaelea juu kama mfuniko na asiweze kuzama tena. Ndiyo maana pipeti yenye mdomo mpana huingizwa chini ya uso wa maji kabla ya kumwachilia. Mama zao nao wana historia. Ukiona katika tangi la kukuzia mayai meusi yaliyofungwa ndani ya kifuko kigumu mgongoni, hayo ni mayai ya kujihami ambayo dafnia hutaga anapokuwa katika dhiki ya njaa, msongamano au badiliko la joto, na watoto wa tangi hilo hawafai kwa jaribio. Hawafai pia watoto wa uzao wa kwanza wa mama, wala wale waliokwisha kutimiza saa 24.

Joto linastahili aya yake. Jaribio la dafnia linatakiwa kufanyika kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi, bila kupanda wala kushuka zaidi ya nyuzi 1. Katika chumba cha maabara cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, sharti hilo haliwezekani, na umeme ukikatika usiku kiyoyozi hakikuambii kwamba kilizimika kwa saa tano. Weka kipimajoto kinachohifadhi joto la chini kabisa na la juu kabisa ndani ya bika ya maji iliyo kando ya bika za jaribio. Joto likipanda oksijeni iliyoyeyuka hupungua, na mwishoni mwa jaribio isipofikia walau miligramu 3 kwa lita katika kundi dhibiti na katika vyombo vya kampaundi, jaribio halikubaliki. Mwanafunzi asiye na njia ya kupooza chumba ana heshima zaidi akifanya kipimo cha artemia peke yake kwa uangalifu kuliko akileta takwimu za dafnia waliopikwa.

Kwa artemia, vifo vya kundi dhibiti mara nyingi vinatokana na njaa na umri. Kiluwiluwi kilichotoka kwenye yai leo hakina mdomo uliofunguka, kinaishi kwa kiini chake cha yai. Baada ya saa chache, takriban 8 hadi 12 kwa joto la maabara zetu, hujivua na kuanza kula. Ukianza jaribio la saa 24 kwa viluwiluwi vya siku mbili bila chakula, sehemu ya vifo unavyovihesabu ni vya njaa. Angalia pia uvukizi: kisahani kisichofunikwa katika chumba chenye feni kinaweza kupoteza maji ya kutosha kuikoleza chumvi pamoja na kampaundi.

Dalili ya pili: hakuna anayekufa, hata kwenye ukolezi wa juu kabisa

Dalili hii hupokewa kwa furaha na mwanafunzi aliyetaka kuandika kwamba chembe zake ni salama kwa mazingira, na hiyo ndiyo sababu inahitaji kushukiwa kuliko nyingine zote. Fedha ikiwa katika umbo la ioni ni miongoni mwa metali zenye sumu kali zaidi kwa dafnia. Mikrogramu chache kwa lita zinatosha kuwalaza. Mtu anayewaona wakiogelea kwa raha katika miligramu 10 kwa lita anapaswa kuuliza fedha hiyo imekwenda wapi.

Jibu la kwanza ni kloridi. Maji ya dafnia ya kiwango cha ISO 6341 yana, katika kila lita, miligramu 294 za kloridi ya kalsiamu yenye molekuli mbili za maji, miligramu 123.25 za salfati ya magnesiamu yenye molekuli saba za maji, miligramu 64.75 za baikaboneti ya sodiamu na miligramu 5.75 za kloridi ya potasiamu. Piga hesabu: kloridi ya kalsiamu inaleta milimoli 2 za kalsiamu na milimoli 4 za kloridi, potasiamu inaongeza kidogo, jumla ya kloridi ni takriban milimoli 4.1 kwa lita. Zao la umumunyifu la kloridi ya fedha, yaani ukolezi wa fedha ukizidishwa kwa ule wa kloridi maji yakishiba, ni 1.8 × 10⁻¹⁰ kwa nyuzi 25. Ukigawanya kwa kloridi hiyo, ioni huru za fedha zinazoweza kubaki ndani ya maji hayo ni kama 4.4 × 10⁻⁸ ya moli kwa lita, ambazo ni karibu mikrogramu 5. Ioni yoyote inayozidi hapo hutafuta kloridi ya kuungana nayo, ikaanguka kama mashapo meupe ambayo yakipigwa na mwanga hugeuka zambarau kisha kijivu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeandika kwamba alipima miligramu 1, 5 na 10 za nitrati ya fedha kama kampaundi ya kulinganishia alipima, kwa upande wa ioni huru, karibu kitu kile kile mara tatu.

Katika maji ya artemia hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa gramu 35 za chumvi kwa lita huleta kloridi ya karibu moli 0.6, zaidi ya mara mia moja ya ile ya maji ya dafnia. Hapo fedha huanguka kama mashapo, na kiasi fulani hurudi ndani ya maji kikiwa kimeshikwa na kloridi mbili au tatu kwa kila ioni, umbo ambalo wanyama hulipokea kwa shida kuliko ioni huru. Ndiyo sababu kuvumilia kwa artemia hakuthibitishi lolote kuhusu mto au ziwa. Kipimo cha artemia ni kizuri kwa kazi kilichobuniwa, yaani kuchuja kwa haraka michujo ya mimea inayoweza kuwa na nguvu ya dawa, kazi ambayo watafiti wa Muhimbili wameifanya kwa mimea mingi ya Tanzania. Lakini kwa fedha, ambayo kloridi ni adui yake wa kwanza, kipimo hiki kinapima chumvi kuliko kinavyopima chembe.

Sababu nyingine za ukimya huu ni za kawaida zaidi. Ikiwa dafnia wanakuzwa katika maji yenye EDTA, kemikali inayokamata metali, kama yale yanayojulikana kwa majina ya M4 na M7, na jaribio likafanywa katika maji hayo hayo, EDTA inazishika ioni za metali kabla hazijamfikia mnyama. Mwongozo wenyewe unaonya maji hayo yasitumike kupimia metali. Chakula kilichobaki tumboni na kwenye maji hufanya kazi kama hiyo, na jaribio la saa 48 hufanywa bila kulisha. Kampaundi zisizopenda maji zenyewe hujibandika kwenye plastiki, na kioo nacho hunyonya fedha iliyo katika ukolezi mdogo. Kwa mchujo wa mmea ulioyeyushwa katika kiyeyusho cha DMSO, tazama chini ya bika kwa tochi: vumbi laini likionekana limetua, ukolezi ulioandika kwenye daftari ulikuwa ndani ya chupa ya awali tu.

Kuhusu DMSO kuna jambo linalosahaulika watu wanapohama kutoka artemia kwenda kwa dafnia. Asilimia 1 ya DMSO, ambayo wengi huitumia kwa artemia bila kuona madhara, ni takriban miligramu 11,000 kwa lita, ilhali kikomo cha kiyeyusho katika jaribio la dafnia ni miligramu 100 kwa lita. Utaratibu wa kipimo kimoja hauhamishiki kwenda kingine kwa kubadilisha mnyama peke yake.

Dalili ya tatu: rangi ya njano imepotea ndani ya bika

Chembe za fedha zenye umbo la mviringo na kipenyo cha nanomita 10 hadi 20 hufyonza mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 400, na hiyo ndiyo inayozipa rangi ya njano. Zikitiwa katika maji yenye kalsiamu, chaji za uso zilizokuwa zikizifukuza zisikaribiane hufunikwa, zinagandana, kilele cha nanomita 400 kinashuka, mkia mpana unainuka upande wa mawimbi marefu, na rangi inageuka kijivu kabla ya kutua chini kabisa. Kinachotokea baada ya hapo hakina uhusiano na kemia ya sumu: dafnia wanaochota chakula chini ya bika hula mafungu ya chembe, mengine yanawanasa kwenye pembe za kuogelea, na wanashindwa kuogelea kwa uzito.

Utambuzi wa dalili hii unahitaji spektrofotomita tu. Tia chembe katika maji ya jaribio bila wanyama, pima mwanzoni, baada ya saa 1, baada ya saa 24 na baada ya saa 48, bila kutikisa. Kilele kikishuka ndani ya saa ya kwanza, ukolezi wako wa saa 48 ni jina tu. Chupa ya akiba ihifadhiwe katika maji yaliyokenekwa, gizani, bila kugandishwa, na itiwe kwenye maji ya jaribio dakika chache kabla ya kuingiza wanyama. Baadhi ya watu huzimua maji ya ISO ili kupunguza kalsiamu, jambo linalokubalika mradi dafnia wazoeshwe maji hayo mapema na kundi dhibiti liwe ndani ya maji hayo hayo yaliyozimuliwa. Nimewahi kuona daftari la mwanafunzi ambamo kundi dhibiti lilikuwa katika maji kamili na kampaundi katika maji nusu, na mjadala wa kurasa nne ukajengwa juu ya tofauti ya ugumu wa maji.

Tahadhari hapa kwa watumiaji wa mwarobaini: mchujo wa majani wenyewe una rangi, na polifenoli zake hufyonza mwanga katika eneo la karibu na lile la fedha, hasa zikikaa hewani zikaiva kahawia. Rangi kugeuka peke yake haithibitishi kwamba chembe zimeundwa. Pima mchujo uliozimuliwa kwa kiasi kile kile bila nitrati ya fedha, uutoe kwenye mchoro, ndipo uone kilichobaki.

Dalili ya nne: wanyama wanakufa, lakini haijulikani nani amewaua

Katika bika ya chembe zilizotengenezwa kwa mwarobaini kuna washukiwa wasiopungua wanne: chembe zenyewe, ioni zinazoyeyuka kutoka kwenye chembe kwa msaada wa oksijeni, nitrati ya fedha ambayo haikugeuka yote kuwa chembe ikabaki, na kampaundi za majani zilizoshikamana na chembe au kuelea pembeni. Wa mwisho husahaulika karibu kila mara. Mwarobaini ni mmea ambao watu wetu hutumia kufukuza wadudu, na dafnia, kwa ukoo, yuko karibu na mdudu kuliko na samaki. Ingekuwa ajabu kama majani yake yasingemgusa. Tanini na asidi za majani nazo zinaweza kushusha pH, na maji ya jaribio yana baikaboneti kidogo mno ya kuizuia. Kiwango cha pH kinachokubalika ni kati ya 6 na 9, bila kubadilika kwa zaidi ya 1.5 katika jaribio lote, na kipimo chake huchukua dakika mbili.

Kuwatenganisha washukiwa kunahitaji makundi ya ziada ambayo yanapaswa kupangwa kabla ya siku ya jaribio. Kundi la mchujo wa majani pekee, kwa kiasi kile kile kilichobebwa na chembe, linajibu suala la mmea. Kundi la nitrati ya fedha katika viwango vidogo vya ukolezi, kuanzia chini ya mikrogramu 1 kwa lita, linaonyesha ioni peke yake hufanya nini kwa wanyama wa tangi lako. Kundi la tatu ni maji ya juu yaliyopatikana baada ya kuziangusha chembe kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa, au baada ya kupitisha mmumunyo kwenye kichujio cha kilodaltoni 3 kinachozuia chembe na kupitisha ioni. Kama maji hayo ya juu yanaua kama mmumunyo kamili, basi chembe zako ni ghala tu la ioni, na ripoti iandikwe hivyo. Mashine ndogo ya maabara inayozunguka mara 4,000 kwa dakika haiangushi chembe za nanomita 10 kwa dakika kumi. Maji ya juu yakibaki ya njano ujue chembe bado zimo.

Nitrati iliyobaki huondolewa kwa kuosha: angusha, mwaga maji ya juu, rudishia maji yaliyokenekwa, rudia mara tatu. Tone la mmumunyo wa chumvi likitiwa katika maji ya mwisho ya kuoshea yasigeuke maziwa. Maji hayo ya kuoshea yakusanywe katika chupa ya taka za fedha, ambayo fedha yake huangushwa baadaye kwa chumvi ya kawaida. Yasimwagwe kwenye sinki, hasa na mtu anayeandika tasnifu kuhusu sumu za majini.

Dalili ya tano: matokeo ya leo hayafanani na ya wiki iliyopita

Hapa kuna swali moja la kutangulia: je, wanyama ni wale wale? Dikromati ya potasiamu ndiyo hutumika kujibu. Kwa Daphnia magna katika nyuzi 20, ukolezi unaolaza nusu ya wanyama baada ya saa 24 unatarajiwa kuwa kati ya miligramu 0.6 na 2.1 kwa lita. Ukipata ndani ya hapo wiki zote mbili, wanyama wako hawana lawama na kosa litafutwe kwenye chupa ya chembe. Ukipata nje ya hapo, usiguse chembe, rudi kwenye tangi la kukuzia. Dikromati husababisha saratani. Ishikwe kwa glovu, ipimwe uzito mahali pasipo na upepo, na taka zake ziwe na chupa yake.

Chupa ya chembe hubadilika kwa kukaa. Oksijeni huendelea kuzila chembe na kuachilia ioni, kwa hiyo chupa ya mwezi mmoja inaweza kuwa kali kuliko ya siku ya kwanza bila rangi kubadilika sana. Andika tarehe ya kutengeneza, siyo tarehe ya jaribio pekee. Kwa artemia, tofauti kati ya wiki mbili hutokana mara nyingi na umri wa viluwiluwi, kwa kuwa vile vilivyokwisha kujivua na kuanza kumeza maji hupokea sumu kwa wingi kuliko vile vya saa ya kwanza. Chagua saa moja ya kuanza, kwa mfano saa 24 baada ya kuvitoa viluwiluwi kwenye maganda, uishikilie hadi mwisho wa mradi. Chumvi pia iwe ya gunia moja. Chumvi ya mezani yenye madini joto, chumvi ya mawe na maji ya bahari yaliyochujwa si kitu kimoja, na kubadilisha katikati kwa sababu duka limeishiwa ni kuanza mradi mpya bila kuutangaza.

Dalili ya sita: seli zinaonekana kuwa hai kuliko kawaida

Katika kipimo cha MTT, seli hai hugeuza rangi ya njano kuwa fomazani ya zambarau inayosomwa karibu na nanomita 570. Mchujo wenye polifenoli hufanya kazi hiyo bila seli yoyote, na matokeo yakaonyesha asilimia 130 ya uhai. Tia mchujo na MTT katika visima visivyo na seli. Vikigeuka zambarau, osha seli kabla ya kuongeza MTT au tafuta kipimo kingine. Chembe za fedha zilizogandana nazo hufyonza mwanga katika eneo hilo, hivyo kuwe na visima vyenye seli na chembe lakini bila MTT.

Dalili ya saba: hesabu inakataa kutoa namba

Mwanafunzi ana makundi matano, matatu yenye vifo sifuri na mawili yenye vifo vyote, na programu ya takwimu inamrudishia LC50 (ukolezi unaoua nusu ya wanyama) yenye mipaka ya kutoka karibu sifuri hadi elfu. Programu haina kosa. Viwango vya ukolezi vilipangwa kwa kuruka mara kumi kumi, na tukio lote likatokea ndani ya mruko mmoja. Ruka kumi kumi katika jaribio la awali la kutafuta eneo, kisha katika jaribio lenyewe panga viwango vya ukolezi visivyopungua vitano ambavyo kila kimoja hakizidi kilicho chini yake kwa zaidi ya mara 2.2.

Kama kundi dhibiti lina kifo kimoja kati ya 20, marekebisho ya Abbott ya mwaka 1925 hutumika: toa sehemu ya vifo vya kundi dhibiti kwenye sehemu ya vifo vya kampaundi, kisha gawanya kwa kile kilichobaki hai katika kundi dhibiti. Vifo 8 kati ya 20 ni 0.40, ukitoa 0.05 na kugawanya kwa 0.95 unapata asilimia 36.8. Marekebisho haya hayafufui jaribio ambalo kundi dhibiti limevuka asilimia 10.

Kisha kuna suala la miligramu za nini. Nitrati ya fedha ina uzito wa moli wa gramu 169.87, na fedha ndani yake ni gramu 107.87, yaani asilimia 63.5. Mtu akiandika LC50 kama miligramu za nitrati, na mwenzake akaandika kama miligramu za fedha, wanatofautiana kwa zaidi ya mara moja na nusu kabla mnyama hajaguswa. Kwa chembe zilizotengenezwa kwa mwarobaini tofauti ni kubwa zaidi, kwa sababu unga uliokaushwa na kupimwa kwenye mizani una ganda la kampaundi za majani ambalo uzito wake haujulikani bila kuchoma sampuli au kuyeyusha katika asidi na kupima fedha. Jedwali liandikwe kwa miligramu za fedha kwa lita, na kama fedha haikupimwa, kichwa cha safu kiseme wazi kwamba ni ukolezi uliokusudiwa.

Mwisho ni namna ya kuisoma namba yenyewe. Katika utafiti wa dawa za mimea, tangu kipimo cha artemia kilipochapishwa na Meyer na wenzake mwaka 1982, mchujo wenye LC50 iliyo chini ya mikrogramu 1,000 kwa mililita huitwa wenye nguvu. Katika uainishaji wa kimataifa wa kemikali, GHS, sumu kali ya majini ya daraja la kwanza ni ile isiyozidi miligramu 1 kwa lita, daraja la pili hufika 10, na la tatu hufika 100. Mikrogramu kwa mililita na miligramu kwa lita ni kitu kimoja. Kwa hiyo mchujo wenye LC50 ya 200 ni wenye nguvu kwa mfamasia, na kwa mtu wa mazingira hauingii hata daraja la tatu. Wasimamizi wawili wa tasnifu moja wanaweza kugombana juu ya sentensi hiyo kwa nusu saa wakiwa wote wako sahihi. Mwanafunzi aandike namba, kizio, mnyama, saa na maji, kisha ataje anatumia kipimo cha nani anaposema “kali”.